Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuandika maelezo ya bidhaa za mikono

Kabla bidhaa haijapanda kwenye soko letu la mtandaoni, maelezo yake hupita mkononi mwangu. Nasoma, nauliza, narudisha, nasoma tena. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kila wiki na wasuka ukili (mikanda ya majani inayoshonwa kuwa mikeka na vikapu), wachonga vinyago, washona kofia, wapika sabuni, na vijana wanaouza kwa niaba ya mama na shangazi zao. Pale ambapo watu wengi hukwama nimejibu kwa urefu. Penginepo sikuona haja.

Niliandika "kikapu kizuri cha asili, imara, chenye ubora wa hali ya juu". Kwa nini mmenirudishia?

Kwa sababu aliyesoma maneno hayo bado hajui kikapu chako kinaenea nini. Mtu akipita Darajani au Kariakoo, kikapu hukishika, akakigeuza, akachungulia ndani, akavuta mkanda kuona kama umeshonwa au umepachikwa tu, na wengine hukinusa. Huyu wa mtandaoni ana kioo cha simu na maneno yako, basi. Kila alichokijua yule wa dukani kwa mkono, huyu anatakiwa akijue kwa kusoma.

Kosa hili nalijua kwa sababu nililifanya. Nilipoanza kuuza, niliandika "kikapu kikubwa, kizuri sana" chini ya picha ya kikapu alichosuka mama yangu mdogo. Mteja wa Mwanza akakinunua akidhani ni cha kwendea sokoni. Kilipomfikia kikaenea vitunguu vitano na mafungu mawili ya nyanya. Alinitumia picha, hana hata neno la ukali, na picha hiyo ilinitia aibu kuliko matusi. Nikamrudishia hela yake. Mama mdogo nilipomweleza, akauliza jambo moja tu: "Kwani hukupima, mwanangu?"

Kikapu kilekile ningekiandika leo hivi: "Kikapu cha ukili wa ukindu, cha kubeba mkononi. Mdomo sm 28, kitako sm 22, kimo sm 24 bila mikanda. Mikanda miwili ya ngozi ya ng'ombe, imeshonwa kwa uzi wa nailoni. Mtu mzima anaivaa begani bila kubana. Kinaenea daftari, chupa ya maji ya lita moja na kanga moja iliyokunjwa. Hakina mfuniko wala kitambaa ndani." Hakuna neno "kizuri" hapo, na hakuna aliyelikosa. Uzuri unaonekana kwenye picha.

Jina la bidhaa liweje?

Kitu chenyewe kwanza, kisha malighafi, kisha ukubwa au rangi. "Mkeka wa ukili, wa duara, sm 120, zambarau na rangi ya asili." Simu nyingi hukata jina baada ya maneno machache, kwa hiyo usiyatumie hayo machache kwa "OFA OFA" au kwa jina la duka lako. Jina la duka limeshaandikwa juu.

Sisi tumezoea kupima kwa shibiri na dhiraa. Lazima sentimita?

Lazima, ingawa sikuambii uache shibiri. Bibi anayesuka mkeka kwa dhiraa zake huufikisha palepale alipokusudia, na mikono yake haijamdanganya miaka yote hiyo. Shida ni kwamba mkono ni wake. Shibiri huwa karibu na sm 23 na dhiraa karibu na sm 46, lakini shibiri ya fundi mrefu na ya fundi mfupi zinaweza kupishana vidole viwili. Katika mkeka wa dhiraa nne, tofauti hiyo inatosha kuufanya usiingie chumbani kwa mteja.

Nunua futi ya mafundi cherehani. Ni laini, hupita kwenye mviringo wa kikapu na kofia bila kukakamaa. Pima kazi ikiwa imekamilika na imekauka, maana ukili mbichi ukishakauka husinyaa. Andika sentimita, na kama wateja wako wako Marekani ongeza inchi: gawa sentimita kwa 2.54. Sema pia umepima kutoka wapi hadi wapi. "Kimo sm 30" ya kikapu chenye mikanda ina maana mbili, na mteja atachagua ile inayompendeza.

Kisha weka na kipimo cha macho: kinaenea nini, kinakaa wapi. Sinia hili linatosha ubwabwa wa watu wanne. Kijiko hiki ni cha kupakulia, hakiingii mdomoni.

Uzito nao wa nini? Kikapu hakina uzito.

Hakina, lakini kina nafasi, na nafasi ndiyo inayolipiwa. Kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi kwa ndege hupima urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, hugawa kwa 5,000, kisha hutoza kwa kilo hizo kama zinazidi za mizani. Boksi la sm 40 kwa 40 kwa 35 ni 56,000. Gawa kwa 5,000, unapata kilo 11.2. Ndani yake kikapu chako hakijafika hata kilo moja. Mtu aliyetaja gharama ya usafiri kwa kukisia hugundua hili akiwa kaunta, mteja ameshalipa, na faida yote imebaki pale.

Kwa hiyo andika vipimo viwili: vya bidhaa, na vya kifurushi kikiwa kimefungwa. Na kama kikapu kinakubali kubonyezwa kikalala bapa bila kuvunjika chane (vipande vya majani vilivyosukwa), liseme hilo kwa herufi zinazoonekana, maana mteja naye atapunguziwa gharama. Vikapu vya seti vipange kimoja ndani ya kingine kabla ya kupima boksi.

Malighafi niiandike kwa undani gani?

Kwa undani unaoujua wewe uliyeikata, uliyeichemsha au uliyeinunua. "Nyasi" haitoshi. Ukindu si milala, na milala si mkonge. Vikapu vya Iringa husukwa kwa milulu. Kiondo cha Kenya kinajulikana kwa mkonge, siku hizi vipo pia vya uzi wa sufu na vya nailoni, na kila kimoja kinaoshwa kivyake. Nimewahi kuona kikapu cha milulu kimeandikwa "kiondo" kwa sababu watu wengi hutafuta neno hilo. Usifanye hivyo. Unamnyima mnunuzi ukweli, na unawanyima wasuka wa Iringa jina la kazi yao.

Taja rangi imetoka wapi, kama ni ya kiwandani ya kuchemshia au ya mizizi na magome. Halafu jibu swali ambalo kila mnunuzi analo hata asipoliuliza: inachuja? Lowesha kitambaa cheupe, sugua mahali penye rangi nzito, tazama. Kikitoka na zambarau, andika "rangi huweza kuchuja ikilowa, usikiweke juu ya nguo nyeupe." Nimeona mafundi wakiogopa kuandika sentensi hiyo. Sijaona mteja aliyeacha kununua kwa sababu yake, lakini aliyeharibikiwa kanzu nimemwona.

Na kama sehemu ya kazi imetoka nje, sema. Shanga ndogo za kioo zinazotumika kwenye mikufu ya Kimaasai nyingi hutoka Ucheki, na hilo halipunguzi chochote katika kazi ya mama aliyezitunga moja moja. "Shanga za kioo za Ucheki, zimetungwa kwa mkono Monduli" ni sentensi ya mtu anayejiamini.

Nauza vinyago vya mpingo. Kuna la ziada?

Yapo mawili. La kwanza ni kuwa na hakika kwamba ni mpingo. Sote tunajua vinyago vya mti mwepesi vilivyopakwa rangi ya viatu vikauzwa kwa watalii. Mpingo wa moyo ni mzito kuliko maji, kipande chake huzama. Ukikwaruza kidogo kitako cha kinyago, weusi au wekundu wa giza unaendelea ndani. Mti uliopakwa hutoa weupe. Mpiga picha akionyesha kitako chenyewe, na pale moyo mweusi unapokutana na ule mzunguko wa njano wa nje, mnunuzi anayejua ataamini bila maneno mengi.

La pili ni sheria. Mpingo, yaani Dalbergia melanoxylon, uliingizwa pamoja na karibu jamii yake yote ya Dalbergia katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kuanzia 2 Januari 2017. Tangu mwishoni mwa Novemba 2019, bidhaa zilizokamilika ambazo uzito wa mti huo hauzidi kilo 10 kwa shehena moja zimesamehewa kibali cha CITES. Ndiyo maana uzito wa kinyago uandikwe kwa gramu. Sheria za misitu za nchi yako ziko palepale, ziulizie kabla ya kufunga boksi.

Pembe za ndovu na magamba ya kasa ng'amba hayapandi hapa, hata kama ni ya bibi yako na ni ya zamani.

Nashona mikoba ya kanga na vitenge. Naweza kuiita bidhaa ya mikono?

Ndiyo, ukiweka wazi mikono imefanya nini. Kanga imechapwa kiwandani. Wewe umekata, umeshona, umeweka bitana na zipu. Andika hivyo. Mteja wa mbali anaweza kudhani umechapa kitambaa mwenyewe, na siku atakapoona muuzaji mwingine ana kitambaa kilekile ataona umemdanganya.

Kuhusu kanga yenyewe: kama jina, yaani maneno yaliyochapwa, limebaki kwenye mkoba, liandike lote na ueleze maana yake. Pambizo la pindo, mji wa katikati na jina ndivyo vinavyoitambulisha kanga, na mtu aliyeko Toronto au Maskati anaweza kuununua mkoba kwa ajili ya maneno tu, kwa sababu mama yake alikuwa nayo. Kama ulipokata jina limekatika katikati, sema limekatika. Nusu ya jina inaweza kusema kinyume cha jina zima.

Na michoro ya Tingatinga?

Andika "mchoro wa mtindo wa Tingatinga", kisha jina la mchoraji aliyeuchora. Edward Saidi Tingatinga alifariki mwaka 1972; mchoro wa mwaka huu si wake. Taja kama ni rangi ya enameli juu ya ubao au juu ya turubai, na kama turubai inasafirishwa ikiwa imewambwa kwenye fremu au imekunjwa kwenye bomba.

Kila ninachotengeneza ni tofauti kidogo. Niandike maelezo mapya kila mara?

Inategemea tofauti yenyewe. Kama kikapu kitakachotumwa si kile cha pichani, sema hivyo na utaje kinaweza kupishana kiasi gani: "ukubwa hupishana kwa sm 2, mpangilio wa mistari haufanani kabisa." Kama ni kimoja tu, piga picha hichohicho na uandike "utatumiwa hiki unachokiona".

Kasoro nazo nizitaje?

Zitaje na uzipige picha. Fundo linaloonekana ndani, ufa mwembamba kwenye bakuli la mti, doa la moshi kwenye chungu. Mimi hugawa mambo mawili: alama ya mkono na kasoro. Alama ya mkono ni ile ambayo fundi angeiacha hata akirudia mara kumi, kwa mfano mstari usionyooka kama wa mashine. Hiyo ieleze kama ilivyo. Kasoro ni ile ambayo fundi mwenyewe angependa isingekuwepo. Hiyo ipunguzie bei. Usiite kasoro "upekee wa kazi za mikono", wanunuzi wameshalizoea neno hilo.

Shangazi ndiye anayesuka, mimi nashika simu tu. Niandike kwa sauti ya nani?

Kwa yako, ukimtaja yeye. "Kimesukwa na shangazi yangu, Chake Chake" ni kweli na inatosha. Usiandike "nimekisuka" kama hukusuka. Mteja akiuliza swali la kazi utaumbuka.

Kaa naye siku moja bila simu mkononi. Muulize alianza na nini leo, kwa nini ameuanika ukindu siku tatu badala ya mbili, kwa nini chane za pembeni amezichana nyembamba zaidi. Majibu yake ndiyo maelezo. Mama mmoja aliniambia, huku akiulowesha ukili wake kwa viganja, kwamba akisuka wakati wa kaskazi ukindu hukauka haraka na kuvunjika, kwa hiyo huamka alfajiri kukiwa bado na umande. Sikuongeza neno. Niliyaweka kama alivyosema.

Kabla ya kuweka jina lake, sura yake au kijiji chake, mwombe ruhusa, na umwonyeshe ukurasa wenyewe kwenye simu aone utakavyokuwa. Wapo wasiopenda kuonekana sura, basi piga mikono. Na tafadhali usiuze umaskini wake. "Ukinunua unamwokoa mama huyu" humfanya fundi mwenye miaka thelathini kazini aonekane ombaomba. Anauza kazi.

Niandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kwa lugha ya mnunuzi, na kama ni wa pande zote, kwa zote mbili. Ninachoomba ni kwamba uandike kwanza kwa lugha unayoiota. Maelezo yaliyoandikwa kwa Kiingereza cha kuunga huwa mafupi na matupu. Yakianza kwa Kiswahili yanakuja na miyaa, chane, kitako na pindo, halafu tunatafuta mtu wa kuyafasiri. Programu za tafsiri zitumie kwa tahadhari, maneno ya ufundi huyapotosha. Majina kama kanga, kikoi, kofia na kiondo yaache yalivyo na uyaeleze kwa sentensi moja.

Anayeuza Oman aongeze "kumma" kwenye maelezo ya kofia. Ndilo jina wanalotafuta huko.

Kofia na makubadhi: saizi niandikeje?

Kofia, pima mzunguko wa ndani kwa sentimita na inchi, maana wavaaji wengi wanajua namba yao kwa inchi. Eleza na jinsi mteja apime kichwa: futi ipite juu kidogo ya masikio. Kofia ya viua ya mkono haivutiki, nusu inchi ni tofauti ya kuvaa na kutovaa. Sema pia kama imeshonwa kwa mkono yote au kwa cherehani. Bei zake haziko karibu, na hiyo ya mkono imekula wiki nyingi za mtu.

Makubadhi, toa urefu wa unyayo kwa sentimita. Namba za viatu hazifanani baina ya nchi.

Napika sabuni ya mwani. Naweza kuandika kwamba inatibu chunusi?

Hapana. Ukisema inatibu, umeiita dawa, na dawa ina sheria zake. Andika imetengenezwa kwa nini, yote, ikiwemo manukato na rangi, kwa kuanzia na kilicho kingi. Mafuta ya nazi, mafuta ya karafuu na unga wa mwani vina watu wanaodhurika navyo, na hao ndio wanaosoma orodha kwa makini zaidi. Ongeza tarehe ya kupikwa, uzito baada ya kukauka, na muda wa kutumia. Vipodozi Tanzania Bara viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019. Namba ya usajili kama unayo, iweke.

Bei naweza kuandika "njoo inboksi"?

Hapana, na hapa sitalegeza. Mtu asiyeona bei hudhani ni kubwa, au hudhani utampangia kwa lafudhi yake. Weka bei, sarafu, na kilichomo ndani ya bei. Kama usafiri haumo, sema haumo. Kwa wateja wa nje ongeza kwamba ushuru wa forodha wa nchi yao ni juu yao. Marekani ilisitisha msamaha wa ushuru wa vifurushi visivyozidi dola 800 mnamo Agosti 2025, na wengi wamekuwa wakishtukizwa mlangoni.

Oda maalumu na kurudisha bidhaa?

Andika siku za kutengeneza mbali na siku za kusafirisha. Miezi ya masika ongeza siku, ukindu haukauki kwa kutamani. Mteja wa Umoja wa Ulaya anayenunua mtandaoni kwa kawaida ana siku 14 za kubadili mawazo bila kutoa sababu, lakini kitu kilichotengenezwa kwa vipimo vyake au kwa jina lake hakimo. Kwa hiyo oda maalumu iitwe hivyo tangu mwanzo. Tangu 13 Desemba 2024 sheria ya usalama wa bidhaa ya Umoja huo inataka pia ukurasa uonyeshe jina na anwani ya mtengenezaji, na kama yuko nje ya Umoja, za mhusika aliyeko ndani yake. Bila mhusika huyo, usifungue mauzo ya huko.

Naweza kunakili maelezo ya muuzaji mwingine, bidhaa zetu zikifanana?

Usinakili. Nimekuta maelezo ya kikapu cha mduara chini ya picha ya kikapu cha mraba.

Nitajuaje maelezo yangu yanaeleweka?

Mpigie simu mtu ambaye hajaiona bidhaa. Msomee maelezo bila picha, polepole, mara moja. Mwambie akuonyeshe kwa mikono ukubwa wake, akuambie kinafunguka wapi, angekiweka nini ndani, angekioshaje. Mkiwa mnaonana kwenye video ni bora zaidi. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Tanga alimsomea dada yake maelezo ya kawa alilolisuka mama yao. Dada akapanua mikono kama anabeba ungo wa kupepetea mpunga. Kijana akarudi kwenye ukurasa, akaongeza: "Linafunika sahani moja ya wali."